Bushi za Bi Mkubwa

Wivu wa mume na mke unajulikana; umesemwa, umeimbwa, umevunja vyombo. Wivu huu mwingine ni wa mwanamume mzima, mwenye mvi zake na gereji yake, aliyemwonea kijicho mdogo wake wa tumbo moja kwa ajili ya pikapu kuukuu. Naam, pikapu. Msicheke bado, mahali pa kucheka patafika.

Watu walimwita Springi, na hata mkewe alikuwa akisahau kumwita vinginevyo. Kazi yake ilikuwa chini ya gari: springi, shokapu, bushi, vitu vyote vinavyobeba uzito na kupigwa na kila shimo la barabara. Ukimpelekea injini inayokohoa alikutimua. "Peleka kwa wapenda moshi," alisema. Lakini gari likilalia upande, likiyumba kwenye kona, likilia kila lipandapo tuta, hapo hapakuwa na wa kumfikia, na jambo hilo alilijua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa mnene, kitambi mbele, sauti nzito, na akiongea na mteja mmoja aliongea kwa ajili ya mtaa mzima.

Alikuwa na msemo wake: "Mpira haukazwi hewani!" Kila mteja aliusikia, apende asipende. Maana yake ni hii. Springi za nyuma za pikapu zinashikiliwa na bolti, na kila bolti inapita ndani ya bushi, kipande cha mpira kinachozuia chuma kisisage chuma. Gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yananing'inia na springi imelegea. Ukikaza nati wakati huo, mpira unabanwa ukiwa umekaa vibaya. Ukishusha gari, mpira unajisokota, na haupiti muda umechanika. Kwa hiyo nati unazizungusha kwa vidole tu, unashusha gari likae kwa miguu yake, unalipakia mzigo wake, ndipo unachukua spana. "Mtu humpimi kiatu akiwa amelala," Springi alisema, na wateja wakaingizwa ndani ya magari yao wakae kama mizigo, wake kwa waume, mpaka amalize kukaza.

Mdogo wake alijifunza hapohapo, chini ya mdomo huohuo. Yeye aliitwa Taratibu, kwa sababu hajawahi kuharakishwa na kitu chochote duniani. Mwanzoni kabisa mwa kazi alikaza bushi gari likiwa juu. Springi alimfungulisha zote mbele ya wateja, akamwambia kama anataka kukaza vitu vinavyoning'inia akakaze kamba za kuanikia nguo. Watu walicheka. Taratibu alifungua, akashusha, akakaza upya. Miaka ikaenda, naye akaomba ruhusa ya kujitegemea. Springi alimpa baraka zake na spana mbili zilizolika meno. Hakuona tabu yoyote, maana moyoni alijua kijana atarudi kabla vumbi la safari halijamtoka viatuni.

Hakurudi. Alifungua yadi yake chini kule, karibu na mashine ya kusaga, akaizungushia mabati, na taratibu hivyohivyo akapata wateja. Hilo Springi aliweza kulimeza. Wateja ni wengi, alisema, wengine hawajui kuchagua. Ila kulikuwa na gari moja tu ambalo hakuwahi hata kuota kuliona likiingia kwenye yadi ile.

Gari lenyewe ni pikapu ya baba yao. Mzee alikuwa dereva tangu ujana, na pikapu hii aliinunua ikiwa tayari imeshatumika, Springi akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Ilibeba mbao, ilibeba vitanda vya watu wanaohama, ilibeba matofali ya nusu ya nyumba za mtaa ule. Rangi yake ya samawati ilikuwa imepauka, lakini milango ilifunga kwa mlio mmoja mzito. Mzee aliiita Bi Mkubwa. Mama yao aliiita mke mwenzangu. Springi alijifunza ufundi wote akiwa amelala chali chini yake, akimpa baba yake spana, na mpaka leo mtu akimuuliza nani alimfundisha kazi anajibu, "Bi Mkubwa." Mzee akisikia hivyo hutabasamu.

Sasa, msimu wa mvua uliopita Bi Mkubwa alianza kulalia kushoto. Shimo likimpata, alilia kwa nyuma kama mlango wa ghala. Mzee akashuka nayo mpaka gereji ya mwanawe.

"Mwanangu, huku nyuma kumelegea. Nasikia chuma kinagonga chuma."

"Bushi hizo, baba. Zimekwisha. Ngoja nimalize hili la mteja. Kesho."

Kesho mzee akaja. Palikuwa na lori. "Baba, umeona mwenyewe. Kesho." Akaja tena, pakawa na gari la mtu mwenye haraka. Akaja tena. Jamani, hakuwa na nia mbaya. Mteja usipomhudumia anaondoka, lakini baba ataenda wapi? Kitu cha nyumbani husubiri, ndivyo alivyoona. Mganga hajigangi, na fundi naye hivyohivyo. Mvua zikakatika, barabara zikakauka, Bi Mkubwa akawa anatembea upandeupande kama kaa, na mzee akaacha kuja kuuliza. Springi hakuona kwamba ameacha. Mtu haoni kitu kisichokuja.

Siku moja asubuhi alikwenda dukani kwa muuza spea kununua grisi. Muuza spea ni mtu asiyeweza kuweka neno mdomoni likapoa.

"Naona leo kwa Bi Mkubwa kuna sherehe," alisema. "Mzee kapita hapa sasa hivi. Kachukua bushi za nyuma zote, na shakeli mpya kushoto na kulia."

"Kachukua?" Springi akasimama wima. Shakeli ni vile vishikio vinavyobeba mkia wa springi. "Haya. Ndiyo, ndiyo. Nilimwambia achukue."

Hakumwambia. Lakini alirudi gerejini akiwa na furaha ya ajabu, akaamua kwamba leo, hata mfalme akija, kwanza ni baba. Tena alijipangia na maneno: atajifanya amechoka, atavuta pumzi, atasema, "Haya baba, kwa kuwa ni wewe." Akamwambia mwenye teksi iliyokuwa mlangoni aisogeze kando. Akakaa kwenye benchi lake, ambalo ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa, akangoja.

Mlio wa Bi Mkubwa aliujua kama ajuavyo kikohozi cha mama yake. Aliusikia ukitoka kule juu, ukakaribia, ukafika usawa wa geti. Akanyanyuka, akijifuta mikono.

Bi Mkubwa akapita.

Hakupunguza mwendo, hakupiga honi. Springi aliona bega la baba yake dirishani na boksi la spea kwenye kiti cha pembeni. Akatoka mpaka barabarani, kitambaa mkononi, akaisikiliza ikilia kwenye shimo la karibu na mashine ya kusaga, kisha ikakunja kushoto, kisha ikanyamaza. Kule kushoto kulikuwa na yadi moja tu.

Lo! Mtu akikuibia unapiga kelele. Baba yako akimpa mdogo wako kazi yako, utampigia nani kelele? Springi alirudi ndani, akaangusha jeki mguuni mwake mwenyewe, akamtukana mwenye teksi ambaye hakuwa amefanya lolote, akamwambia arudi kesho.

Nyumbani alikula kidogo, jambo lililomtisha mkewe kuliko ugonjwa.

"Una nini, mume wangu?"

"Sina kitu."

"Kama huna kitu mbona umeitazama hiyo sahani kama inakudai?"

Akamwaga yote. Baba amempelekea Taratibu. Taratibu, ambaye aliwahi kukaza bushi hewani mbele ya macho yake! Taratibu, anayetumia asubuhi nzima kufungua gurudumu moja! Na Bi Mkubwa amezoea mikono yake yeye, gari la zamani lina siri zake, bolti ya kulia nyuma inafunguliwa kwa kubembelezwa, nani atamwambia?

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Si ulisema mwenyewe wiki zile kwamba hiyo pikapu inakuchelewesha na wateja?"

"Nilisema inanichelewesha. Sikusema apewe mtu!"

"Ahaa. Kwa hiyo hutaki kula na hutaki mwenzio aguse sahani." Akainuka kutoa vyombo. "Una kijicho, mume wangu. Tena cha ndugu yako. Kalale."

Hakulala vizuri. Kesho yake, jua likikaribia utosini, alijikuta ana safari ya lazima ya kwenda chini kule, maana eti spana yake namba kumi na tisa huenda ilibaki kwa Taratibu tangu mwaka ule. Alipofika kwenye uzio wa mabati miguu ikamwambia asubiri. Kulikuwa na tundu la msumari, kimo cha macho. Mtu mzima, mheshimiwa, mwenye gereji yenye bango, akabandika jicho kwenye tundu.

Alichokiona kilimchoma mahali asipopategemea.

Bi Mkubwa alikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yananing'inia, bushi za zamani zimetupwa pembeni zikiwa zimelika na kupasuka. Taratibu alikuwa chali chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Na aliyekuwa amechuchumaa kando, akimpa spana, alikuwa mzee. Baba yao. Mikono ya shati amekunja, grisi imempanda mpaka viwiko, kofia kageuza nyuma kama kijana. Alikuwa anaongea bila kukoma, anasimulia siku Bi Mkubwa alipovuka mto maji yakiwa mlangoni, na kutoka chini ya gari sauti ya Taratibu ikawa inauliza, "Halafu, baba? Halafu ikawaje?" kana kwamba hajaisikia hadithi hiyo tangu yuko mgongoni.

Springi, gerejini kwake, baba akikaribia gari alimwambia, "Baba, kaa pale kwenye benchi, utachafuka." Alidhani hiyo ndiyo heshima. Sasa akamwona mzee akicheka na uso una doa jeusi puani, na wivu ukampanda, mchungu. Alitamani spana ile iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono. Alitamani hata hadithi ya mto, ambayo mara ya mwisho aliikatisha katikati.

Kama vile haitoshi, mama naye akatokea getini na hotpoti ya chakula cha mchana. Hotpoti! Ile ya maua mekundu, ambayo yeye hajawahi kuletewa gerejini tangu afungue. Muuza spea naye alikuwepo, amefuata umbea, na wateja wawili wamekaa juu ya matairi. Ilikuwa kama sherehe asiyoalikwa.

Ndipo akaona. Taratibu alitia bolti ya mwisho, akaizungushia nati kwa vidole, akajivuta kutoka chini ya gari, akafuta mikono. Spana akaiweka chini. "Baba, tayari hapa," alisema. "Tuishushe."

Springi akabana jicho. Nati hazijakazwa! Hata moja! Aliona kabisa nafasi kati ya nati na shakeli, unaweza kupitisha ukucha. Na mjinga huyu anataka kushusha gari! Furaha ikamjaa kifuani, furaha mbaya, ile ya kumwona mtu anaanguka mahali ulipomwambia pana utelezi. Baada yake ndiyo ikaja hofu kwa ajili ya baba, ikavaa nguo nzuri na kutangulia mbele.

"Simama!" Aliingia na geti likagonga bati. "Usiguse hiyo jeki! Unataka kumuua baba yetu?"

Kila mtu aliganda. Mama alikumbatia hotpoti.

"Kaka, karibu," alisema Taratibu. "Kuna nini?"

"Kuna nini? Nati zinacheza kama meno ya bibi kizee, unashusha gari, unauliza kuna nini! Hii ndiyo kazi? Lete spana. Lete! Sogea!"

"Kaka, ngoja kwanza…"

"Hakuna kungoja! Umetungojesha vya kutosha na taratibu zako!"

Akanyakua spana pale chini, akajitupa chali, kitambi kikakwama kidogo kwenye mhimili, akakisukuma, akaingia. Akakaza. Jamani, alikaza! Ya mbele ya springi, ya shakeli ya juu, ya shakeli ya chini, upande wa kushoto, akajiburuta, upande wa kulia. Alikaza kwa miguu iliyojikita, kwa meno yaliyobana, kwa kila safari ambayo Bi Mkubwa aliwahi kupita getini kwake bila kusimama, ingawa ilikuwa moja tu. Nati zikaguna. Alipotoka, shati limeshika vumbi na jasho, aliinua spana juu watu waione.

"Hivi," alisema, akihema, "ndivyo nati inavyokazwa."

Alingoja mtu aseme asante, fundi. Hakuna aliyesema. Muuza spea alikuwa anatazama viatu vyake. Mmoja wa wateja aliziba mdomo kwa mkono. Taratibu hakumtazama kaka yake. Alikuwa anatazama gurudumu la nyuma la Bi Mkubwa. Springi akafuata macho yale.

Gurudumu lilikuwa linaning'inia hewani. Lilikuwa bado linazunguka polepole, kwa sababu bega lake lililigusa wakati anatoka.

Mzee akakuna kidevu, grisi ikahamia huko. Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Mwanangu, siku hizi mnakaza hewani?"

Kama ardhi ingekuwa na mlango, Springi angeubisha. Masikio yalimwaka moto. Maneno yake mwenyewe, ambayo yalimpatia jina, ambayo aliwapigia watu kelele nayo miaka nenda miaka rudi, yalikuwa yamemtoka kichwani yote, hata herufi moja haikubaki, kwa sababu ya kuchungulia kwenye tundu la msumari. Angeweza kumsamehe Taratibu kama angecheka. Alimngoja acheke.

"Si kitu, kaka," alisema Taratibu. "Ni nati tu." Akachukua spana kutoka mkononi mwake, kwa upole, kama unavyomchukulia mgeni mzigo, akaingia chini kufungua.

Haikufunguka. Akaguna, akajaribu tena. Ikabidi aombe bomba la chuma la kurefushia spana, na hata hapo alihangaika. "Kaka una mkono!" alisema kutoka kule chini, na aliisema kwa dhati kabisa, maskini. Wateja walishindwa kujizuia. Haya, mahali pa kucheka ndipo hapa.

Nati zilipolegea, wakaondoa stendi na kumshusha Bi Mkubwa akakaa kwa miguu yake. Mzee akapanda kwenye usukani, mama akapanda pembeni yake na hotpoti mapajani.

"Nyuma tunahitaji mzigo," alisema Taratibu, akitazama huku na huku. "Mchanga wangu nimeumaliza juzi, na matofali sina."

Mama akatoa kichwa dirishani. "Mzigo si huo umesimama hapo?"

"Mama!" alisema Springi.

"Panda, mwanangu. Kama ni kukaa na wivu, kaa nao huko nyuma, angalau ufanye kazi. Mimi nimeishi na mke mwenza wa chuma maisha yangu yote, ananitolea mume kitandani alfajiri, sijawahi kuangusha geti la mtu."

Akapanda. Angefanya nini? Bi Mkubwa aliinama kidogo kumpokea. Akakaa katikati ya bodi, magoti juu, kama kabati linalohamishwa. Fundi mkubwa wa chini ya gari, juu ya gari.

"Kaka," sauti ikatoka chini, "sogea kidogo kushoto. Kidogo tu. Hapohapo."

Akasogea. Chini yake akasikia spana ikishika, ikivuta, ikiachia. Hakutaka kusikiliza, lakini masikio ya fundi hayana kifuniko. Alisikia nati ya mbele ikifika mwisho wake, na mkono wa mwenzake ukijua kuacha hapo, bila kuzidisha. Alisikia bolti ya kulia, ile yenye siri, ikibembelezwa kama inavyotakiwa. Kumbe anaijua. Kila mvuto ulikuwa sahihi, na kila mvuto ulimuuma. Alitafuta kosa moja la kushika, hata dogo, la kwenda nalo nyumbani, akakosa.

"Tayari, baba. Ijaribu," alisema Taratibu.

Springi akaanza kushuka, lakini mzee alikuwa ameshatia gia. Pikapu ikatoka getini na mzigo wake. Huko mbele kulikuwa na lile shimo la karibu na mashine ya kusaga, shimo ambalo tangu mvua zile Bi Mkubwa hakulipita asilie. Springi akashika ubao wa pembeni. Na hapa niseme ukweli wake wote, maana hadithi nusu ni uongo mzima: mtu huyu, aliyeingia yadi akipiga kelele kuokoa roho ya baba yake, alikuwa anaomba Mungu Bi Mkubwa alie. Mara moja tu. Hata kidogo.

Gurudumu likashuka shimoni, likapanda. Kimya. Alisikia mfuniko wa hotpoti ukigonga, na kicheko cha mzee, na kiganja cha mzee kikipiga dashibodi, paa, paa, kama unavyopiga mgongo wa rafiki.

"Mke mwenzangu kanyamaza leo," alisema mama.

Kwenye geti la gereji ya Springi mzee alisimama kumshusha. Mwenye teksi alikuwepo, akamwona fundi wake akitambaa kutoka nyuma ya pikapu na vumbi mgongoni, akaamua kutouliza. Springi alizunguka mpaka dirishani kwa baba yake. Maneno yalikuwa yamepangwa mengi. Likatoka moja tu.

"Baba, mbona hukuniletea mimi?"

Mzee akamtazama. "Nilikuletea."

"Mimi nilikuona jana unapita…"

"Nilikuletea, mwanangu. Mvua zimeanza nakuletea, mvua zimekwisha nakuletea. Nikaona nakusumbua." Alisema bila hasira, akifuta usukani kwa kiganja. "Mdogo wako nilimuuliza tu kama ana nafasi. Akaniambia, baba, ingiza."

Springi alishika mlango wa pikapu kwa mikono miwili. Alikuwa na mvi, jamani, lakini aliushika kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni. Akakumbuka kitu alichokisikia akiwa kule nyuma kwenye bodi, kitu kidogo, akakirukia.

"Shokapu za mbele bado za zamani, baba. Nimezisikia kwenye lile shimo. Pua ya gari ilirudi mara mbili. Hizo si za kungoja. Ingiza sasa hivi, nizibadilishe. Utanipa spana mwenyewe. Na ile habari ya mto… ile siku ya mto, utaniambia vizuri."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hiyo teksi naitoa."

Mzee akatazama geti, akatazama benchi, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ghafla anaona mambo muhimu sana upande wa pili wa barabara. Akatia gia. Kama alikuwa anatania, masharubu yalimfichia.

"Kesho, mwanangu," alisema, akaondoka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Springi alibaki na kumbo la neno lile kifuani. Alikuwa amewapa watu neno hilo maisha yake yote, bure, bila kulipima, na hakujua kwamba mtu anaweza kusimama barabarani akalihesabia maana: ni kesho ya kweli, au ni kesho ile?

Asubuhi yake alifungua geti lote, mbawa zote mbili, kabla muuza chai hajawasha moto. Alifagia pale kwenye kivuli cha bati. Aliweka stendi mbili, akaweka na kigoda cha chini karibu nazo, kimo cha mtu mzima anayetaka kuchuchumaa bila kuumia magoti, na juu ya kigoda spana, zimefutwa. Mwenye teksi alipoleta pua ya gari lake alimtoa mbio: "Hapo pana mtu!" Kisha akakaa kwenye benchi lake. Mara kwa mara alichungulia chini kule, kwenye uzio wa mabati, kuhakikisha hakuna rangi ya samawati. Na kila injini iliyosikika ikitoka juu, aliinuka.